Nimekikalia! Alvar Aalto na Mbao Zinazonesa

Ni mbao! Yote ni mbao! Mwenzangu, narudia ili unielewe vizuri: hakina springi, hakina sponji, hakina mto, hakina hata kipande cha kitambaa, lakini ukikikalia kinanesa! Kinashuka kidogo, kinakupokea, kinatulia. Nilikisogelea kiti cha Paimio nikiwa nimejiandaa kabisa kuumia mgongo, maana ukikitazama kwa mbali unaona ubao mmoja mwembamba, mweusi tii, unang'aa, umepindwapindwa na kuning'inizwa kati ya pete mbili kubwa za mbao, na akili inakwambia hapa pana mateso. Wapi! Mgongo ukalala, miguu ikanyooka, kifua kikafunguka, pumzi ikashuka mpaka chini, na mimi nikaanza kucheka peke yangu katikati ya duka la watu, pale Helsinki. Muuzaji akatabasamu tu. Nadhani wamezoea.

Halafu nikaanza kukichunguza, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kwa furaha. Ule ubao umejiviringa juu, penye kichwa, na umejiviringa tena chini, penye magoti, kama mkeka unaoanza kukunjwa, na ile miviringo ndiyo inayokunesesha. Penye shingo kuna mipasuko myembamba ya kupitisha hewa. Zile pete za pembeni ni miguu, ni mikono, ni fremu, ni kila kitu kwa pamoja, hazina mwanzo wala mwisho, unazipapasa unazunguka unarudi ulikotoka, laini, vuguvugu, laini tena, na bado!

Alvar Aalto, ndugu yangu. Mfini, msanifu majengo na mbunifu wa samani, kazaliwa Kuortane mwaka 1898, kakulia Jyväskylä, kafariki Helsinki mwaka 1976, na hapo katikati kajenga hospitali, maktaba, makanisa, viwanda, kumbi na nyumba za watu, kachora viti, taa, vyombo vya maua, vitasa vya milango… na bado! Wafini walimweka kwenye noti yao ya markka 50, na leo kuna chuo kikuu kizima chenye jina lake. Mimi nilikuwa namjua kwa picha tu, na picha, nakwambia ukweli, zinamwonea sana huyu mtu. Kwenye picha unaona jengo jeupe, zuri, limetulia, basi. Unafungua ukurasa unaofuata. Picha haikwambii kwamba kila sehemu ambayo mkono wako utafika, yeye alifika kabla yako.

Ngoja nikupe picha ya wakati wenyewe kidogo, kisha tukimbie Paimio. Miaka ya 1920 mwishoni, wasanifu wa kisasa wa Ulaya walikuwa wamepagawa na mabomba ya chuma. Marcel Breuer kule Ujerumani alikuwa anapinda chuma kinachong'aa na kutengeneza viti vilivyomfanya kila mtu atamani kuwa wa kisasa. Aalto naye aliingia kwenye mkumbo huo. Yeye na mkewe Aino walikuwa na viti vya Breuer nyumbani kwao Turku. Sasa fikiria Finland, Januari, giza, baridi inayokata masikio, halafu unaweka mkono wako kwenye chuma. Ai! Chuma kinakunyonya joto, kinakurudishia mwanga machoni, kinapiga kelele ukikigonga. Aalto akasema hapana. Akageukia mti unaoota kila mahali nchini kwao, mbetula, ule mti mwembamba wenye gome jeupe, na akaamua kuulazimisha ufanye vituko vyote vya chuma bila kuwa na ubaridi wake. Uamuzi huo mmoja, mwenzangu, umenifanya nisafiri.

Paimio sasa. Shika mahali!

Unatoka Turku, unaingia kwenye misonobari, misonobari, misonobari tena, mirefu, imenyooka, inanukia, halafu ghafla kati ya vigogo unaona kitu cheupe kirefu kimesimama msituni na roshani zake juu kwa juu. Ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Aalto alishinda shindano la kuisanifu mwaka 1929, akiwa kijana wa miaka 30 na kidogo tu, na ikafunguliwa mwaka 1933. Wakati ule ugonjwa huo haukuwa na dawa. Tiba ilikuwa hewa safi, jua, chakula na kulala. Unalala wiki, unalala miezi, wengine walilala miaka. Kwa hiyo jengo lenyewe ndilo lililotakiwa kuwa dawa. Si maneno ya kupamba, ndiyo kazi aliyopewa.

Unaingia mlangoni. Njano! Sakafu ya njano, ngazi za njano, njano ya nguvu isiyo na aibu hata kidogo! Nilisimama pale nikashindwa kufunga mdomo. Ina maana hata siku ya Desemba, jua limegoma kabisa kutokea, mgonjwa anayepanda zile ngazi anakanyaga mwanga. Niliinama nikagusa ngazi. Ndiyo, niliinama, watu wakanipita pembeni, sikujali.

Na chumba cha mgonjwa je? Jamani, chumba cha mgonjwa! Wamekihifadhi kimoja kilivyokuwa, na mimi pale ndipo nilipotaka kulia kidogo. Aalto mwenyewe alisimulia kwamba aliugua wakati ule na akawa amelala hospitalini anatazama juu, na akagundua jambo ambalo kila aliyewahi kulazwa analijua moyoni: vyumba vimechorwa kwa ajili ya watu waliosimama. Taa inakuchoma machoni. Dari ni jeupe linakuumiza. Joto linatoka kusikojulikana na linakuchemsha kichwa huku miguu imeganda. Basi akachora chumba cha mtu aliyelala, kwa macho ya mtu aliyelala, na kila kitu kikageuka.

Tazama dari: rangi yake imetulizwa, kijani kilichopoa, kwa sababu hilo ndilo utakalolitazama kutwa kucha. Taa imewekwa mahali ambapo jicho la aliye kitandani halikutani na balbu. Joto linatoka darini, limeelekezwa miguuni, kichwa kiachwe kipoe. Dirisha lina vioo viwili, hewa ya nje inapita katikati na kupashwa moto kabla haijakufikia, kwa hiyo unavuta hewa mpya ya msituni bila kupigwa na baridi ya ghafla. Kabati limetundikwa ukutani, halikanyagi chini, ili mfagio upite bila kukwama. Na vitasa vya milango vimepindwa kwa namna ambayo mkono wa koti la daktari haunasi. Koti la daktari! Nani anakaa chini na kuwaza mkono wa koti la daktari? Na bado!

Sinki. Nisikilize vizuri hapa. Chumba kilikuwa cha wagonjwa wawili, na kila mmoja alikuwa na sinki lake. Sasa mwenzako amelala usingizi alioutafuta usiku kucha, wewe umeamka unataka kunawa. Ukifungua maji kwenye sinki la kawaida: tapu tapu tapu tapu! Aalto akachora sinki lenye mteremko, maji yakianguka yanakutana na uso ulioinama, yanateleza, hayapigi kelele. Nilipitisha kiganja changu kwenye ule mteremko, nikarudia, nikarudia tena. Mtu alikaa, akachora mstari ule kwa sababu ya usingizi wa mtu mwingine asiyemjua. Mimi nilinyamaza kabisa, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Ukipanda juu kabisa kuna sakafu ya kuotea jua. Wagonjwa walitolewa nje pale wakalazwa kwenye hewa, hata kwenye baridi, wamefunikwa vizuri, wanatazama vilele vya misonobari. Nilisimama penye ule ukingo, upepo ukanipiga, harufu ya utomvu ikanijaa puani, na nikaelewa kwa nini kile kiti cha dukani kilikuwa kinanifungua kifua. Kilichorwa kwa ajili ya kifua! Mgongo wake umelazwa kiasi cha kumsaidia mtu mwenye mapafu mabovu apumue. Kumbe nilipokuwa nacheka pale Helsinki nilikuwa nimekaa kwenye kifaa cha hospitali!

Baadaye dawa za kifua kikuu zikapatikana, wagonjwa wa aina ile wakapungua, jengo likawa hospitali ya kawaida, na leo unaingia na mwongozaji kama mimi. Nenda. Weka nafasi mapema, lakini nenda.

Haya, sasa mbao zinapindaje? Nilikuwa nimejiapiza nisikuchoshe na mambo ya karakana, lakini hili siwezi, siwezi, lazima nikwambie. Aalto hakuwa seremala. Turku alikutana na Otto Korhonen, mtu wa kiwanda cha samani, fundi hasa, na wawili hao wakaanza kuichezea mbetula: wanaipasua, wanaipaka gundi, wanaipasha, wanaipinda, inavunjika, wanaanza upya. Sipendi kabisa maandishi yanayomtaja Aalto na kumruka Korhonen, maana bila mikono ya Korhonen tungekuwa na michoro mizuri ukutani na hatuna pa kukaa.

Mwaka 1933 wakapata mguu wao maarufu. Chukua kipande cha mbetula kigumu. Upande mmoja, penye ncha, pasua kwa msumeno mipasuko myembamba inayofuata nyuzi za mti, sambamba, mpaka ncha ifanane na kitabu kilichofunguka. Katika kila mpasuko chomeka kipande chembamba cha mbao chenye gundi. Pasha moto, pinda mpaka kona kamili, subiri ikauke. Basi! Umepata mguu ulionyooka chini, uliopinda juu, wote ni kipande kimoja, na unaukaza kwa skrubu moja kwa moja chini ya kikalio. Hakuna fremu. Hakuna viungo vigumu vya kuchonga. Na ukishika ile kona, tafadhali funga macho, pitisha kidole gumba taratibu: utazihisi nyuzi zikigeuka, utaiona mistari myembamba ya vile vipande, mmoja juu ya mwingine, inazunguka kona pamoja. Mimi niligeuza stuli nzima juu chini dukani ili niione vizuri. Yule muuzaji akatabasamu tena.

Stuli yenyewe inaitwa Stool 60. Kikalio cha duara, miguu mitatu, habari imeisha. Imeisha? Haijaisha! Zipange moja juu ya nyingine uone: kwa sababu miguu inatokeza nje kidogo ya kikalio, kila stuli inakaa ikiwa imezunguka kidogo juu ya mwenzake, na miguu inapanda ikijipinda mpaka unapata mnara unaozunguka hadi juu. Unaweza kukaa, kuweka chai, kuweka vitabu, kupanda ubadilishe balbu, kumkalisha mgeni aliyekuja bila taarifa. Nilikuwa naiona sehemu nyingi bila kuitambua, kwenye mikahawa, kwenye ofisi za watu wenye miwani minene, na sikuwahi kujua kwamba hiyo ndiyo yenyewe, na nyingine zote tunazoziona madukani ni wajukuu zake.

Stuli hizo zilijaa kwenye maktaba yake ya Viipuri, iliyofunguliwa 1935. Mji huo baada ya vita ukawa upande wa Muungano wa Kisovieti, leo uko Urusi na unaitwa Vyborg, na maktaba iliteseka miaka mingi mpaka ukarabati wake ukakamilika 2013. Huko sijafika na roho inaniuma! Darini mwa chumba cha kusomea kuna matundu ya duara 57, yamechimbwa kwa kina ili mwanga wa jua usianguke moja kwa moja, ugonge kuta za tundu kwanza, usambae, utue kwenye ukurasa bila kivuli cha kichwa chako wala cha mkono wako. Na chumba cha mihadhara kina dari la mbao linalokwenda kwa mawimbi ili sauti ya msemaji imfikie aliyekaa nyuma. Wamenisimulia waliofika, mimi namezea mate.

Mwaka ule ule wa 1935 ikazaliwa Artek, kampuni ya kutengeneza na kuuza vitu hivi, na hapa naomba upunguze mwendo kidogo unisikilize, kwa sababu waanzilishi walikuwa wanne: Alvar, Aino, tajiri mpenda sanaa Maire Gullichsen, na mwanahistoria wa sanaa Nils-Gustav Hahl. Aino Aalto! Kwa nini jina hili halipigiwi ngoma? Alikuwa msanifu majengo kamili, kamzidi Alvar umri, alijiunga na ofisi yake mwaka 1924 na wakaoana mwaka huo huo. Pale Artek ndiye aliyekuwa akiamua nini kizuri na nini kirudishwe karakanani, na baadaye akaiongoza kampuni nzima mpaka alipofariki mwaka 1949. Shika bilauri yake ya mwaka 1932, ile yenye pete pete zinazoshuka kutoka ukingoni. Kioo cha kushindiliwa, cha kawaida kabisa, cha jikoni. Lakini zile pete zinashika vidole! Hata mkono ukiwa na maji haitelezi, na maji ndani yake yanavunjikavunjika kwa mwanga. Ilipata dhahabu kwenye maonyesho ya Milan mwaka 1936, na mpaka leo unaikuta mezani kwa watu, si kwenye kabati la makumbusho. Mimi, nikilazimishwa kuchagua kitu kimoja cha familia hii cha kubeba mkononi, naacha chombo cha maua cha mume, nabeba bilauri ya mke. Nimesema.

Ingawa kile chombo cha maua nacho, aisee! Mwaka 1936, ukingo wake unakwenda, unarudi, unaingia, unatoka, hakina mbele wala nyuma. Ukiweka maua mawili yanaegemea kona moja, ukiweka kumi yanatawanyika yenyewe, hakikulazimishi. Hapo mwanzo kilipuliziwa ndani ya kalibu za mbao, na kioo cha moto kilikuwa kinaiunguza kalibu kidogo kidogo kila mara, kwa hiyo hakuna viwili vilivyotoka sawasawa. Baadaye wakaleta kalibu za chuma. Vimenyooka zaidi, ndiyo, lakini ukikutana na kile cha zamani, chenye uso unaotikisika kidogo ndani ya kioo, utaelewa kwa nini watu wanauza mali zao wakinunue. Wakaviweka kwenye mgahawa wa Savoy, Helsinki, ambao Alvar na Aino waliupamba mwaka 1937, na ndiyo maana kila mtu anakiita Savoy.

Huna hela ya Savoy? Hata mimi! Ingia duka la vitabu la Akateeminen, katikati ya Helsinki, la mwaka 1969, kuingia ni bure. Ila usisukume mlango haraka. Simama. Shika kitasa. Ni shaba, kimepinda, kinajaa kiganjani, na kwenye baadhi ya milango vimewekwa viwili, kimoja juu ya mwenzake, mrefu ashike cha juu, mtoto ashike cha chini. Nilisimama pale nje nafungua na kufunga mpaka watu wakaanza kunipisha kwa huruma. Ndani unatazama juu unaona madirisha makubwa ya kioo yaliyochongoka yanashuka kutoka darini, yanamwaga mwanga katikati ya ghorofa zote, na marumaru nyeupe inaushika na kuurusha kwenye vitabu. Kuna mkahawa juu, una taa zake za shaba. Kaa hapo. Agiza kahawa. Usitoe simu kwanza.

Sasa twende kaskazini kidogo, maana Aalto wa miaka ya baada ya vita ni mtu mwingine kabisa, na mimi huyu wa pili ndiye amenimaliza. Matofali! Mekundu, meusimeusi, yenye makovu! Kule Marekani, kwenye bweni la Baker House pale MIT lililokamilika 1949, ukuta mzima unakwenda kwa mawimbi kando ya mto Charles, na alikubali matofali yaliyoungua na kupinda yatumike hivyo hivyo. Lakini mimi nilikwenda Säynätsalo, karibu na Jyväskylä, kisiwani, kwenye jengo la halmashauri la mwaka 1952.

Ni dogo. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza, dogo, la jamii ndogo ya wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, limejikunja kuzunguka ua, na upande mmoja unapanda kwa ngazi zilizoota majani. Majani! Ngazi za nyasi za kuingilia serikalini! Ndani unapita kwenye ujia wa matofali, sakafu matofali, ukuta matofali, na matofali yenyewe hayakupangwa yakanyooka sana, mengine yamechomoza kidogo, mengine yamerudi nyuma, ili mwanga ukipita ubavuni ukuta uonekane unapumua. Nilitembea mkono ukutani mwanzo hadi mwisho, vidole vinarukaruka. Halafu ujia unapinda, unapanda, unazidi kuwa na giza, na ghafla unatokea kwenye ukumbi wa baraza. Mrefu kwenda juu! Mtulivu! Una ukali fulani! Juu kuna nguzo za mbao zilizotawanyika kutoka sehemu moja mpaka kwenye paa, vidole vimefunguka, na wewe chini yake unajikuta unashusha sauti. Inasimuliwa kwamba madiwani walipolalamika kuhusu gharama za ukumbi mrefu kiasi hicho, Aalto aliwajibu kwamba ukumbi wa baraza wa Siena, Italia, una mita 16, basi wao wajenge wa mita 17. Kisiwa cha watu wa kiwandani wakamzidi Siena! Na wakakubali!

Sitaki udhani nimelewa kabisa. Finlandia, ule ukumbi mkubwa mweupe wa Helsinki wa mwaka 1971, haukuniteka. Aalto alitaka marumaru ya Carrara nje, alitaka Italia yake isimame kwenye theluji, na baridi ya Helsinki haikumwonea aibu: vipande vikaanza kupinda. Vikabadilishwa vyote miaka ya 1990, vipya navyo vikapinda! Ndani kuna sehemu nzuri sana, mahali pa kutundika makoti peke yake ni shairi, lakini kwa nje nilihisi kuna mzee anayejua kwamba ni mashuhuri. Na bei za samani zake leo, tusidanganyane, zinauma. Aalto aliota vitu vizuri vya kila mtu, na kiti cha Paimio leo kina bei ya kumfanya kila mtu akisalimie tu na kuondoka.

Lakini stuli! Artek wenyewe wana duka pale Helsinki wanakusanya vitu vyao vilivyotumika, kutoka shuleni, ofisini, nyumbani kwa watu, na wanaviuza na makovu yake yote. Unaingia unakuta stuli za miongo na miongo, iliyopakwa rangi ya buluu na mtu, iliyodondoshewa wino, iliyokaliwa mpaka mbetula imegeuka rangi ya asali. Niliigusa moja iliyochakaa kuliko zote na nikaiona nzuri kuliko ile mpya iliyokuwa dirishani kwingine. Kila skrubu imekaza. Kona haijafunguka. Hao watoto wa shule waliiyumbisha, wakaipiga chini, wakaichora majina, na mguu wa Korhonen ukasimama.

Na bado! Sijakwambia Villa Mairea ya mwaka 1939, nyumba aliyowajengea Maire na mumewe kule Noormarkku, ambako nguzo za chuma sebuleni zimevikwa henzirani ili mkono ukizishika usikutane na ubaridi. Sijakwambia taa zake za kuning'inia zinazoificha balbu isikuchome jicho. Sijakwambia toroli la chai lenye magurudumu makubwa kuliko akili yake, ambalo nililisukuma dukani huku na huko mpaka, ndiyo, yule yule muuzaji. Na Muuratsalo! Nyumba yake mwenyewe ya mapumziko, kisiwani, aliyoijenga kuanzia 1952 pamoja na mke wake wa pili Elissa, naye msanifu, baada ya Aino kufariki. Aliigeuza kuwa mahali pa kucheza: kuta za uani zimegawanywa vipande vipande, kila kipande kimepangwa matofali kwa namna yake, vipana, vyembamba, vilivyosimama, vilivyolala, aina hamsini na zaidi, ili aone lipi linavumilia baridi na lipi linapendeza jua likizama. Katikati ya ua kuna shimo la moto. Chini ukiteremka kuna sauna ya moshi ya magogo, na ziwa.

Muuratsalo hufunguliwa kiangazi tu, na ni kwa ziara za kuongozwa, kwa hiyo panga safari yako ya Juni, Julai au Agosti, anza Helsinki kwenye vitasa vya duka la vitabu, pita Turku na Paimio, malizia Jyväskylä ambako kuna makumbusho yake aliyoyachora mwenyewe. Vaa viatu vinavyovulika upesi, maana kwenye nyumba zake utaombwa utembee na soksi, na sakafu zake, mwenzangu, uzisikie kwa nyayo! Mimi tayari nimeshaanza kuweka akiba ya stuli, ile ya buluu, na ukiiwahi kabla yangu sitakusemesha mwezi mzima.